Vidole, majivu na buba: namna mama zetu walilinda mboga na viwavi

Utangulizi

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika bustani ya mboga mithali hii ni kweli kabisa: asiyeponda mayai ya leo atapigana na jeshi zima wiki ijayo.

Wapenzi wasomaji, katika vijitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya majina ya watawala na safari za mababu. Mimi nimechagua jambo la nyuma ya nyumba, jambo la lupango: namna gani wamama wa Katanga walilinda mboga na viwavi mbele dawa za duka hazijafika, namna gani walikuja kuacha, na juu ya nini inatupasa kurudilia. Mwenzangu mumoja wa kazi aliposikia kichwa hiki alicheka: "Historia ya vidudu, hiyo nayo ni historia?" Nilimujibu: bukari hailiwi peke yake. Yule aliyelinda mboga ndiye aliyelinda sahani ya nyumba nzima, na jina lake halimo katika kitabu chochote tunachofundisha.

Tukumbushane kwanza kiwavi ni nani. Kiwavi ni mutoto wa kipepeo. Kipepeo anataga mayai kwenye jani, mara nyingi upande wa chini. Yai linapasuka, kiwavi anatoka, na kazi yake ni moja: kula. Kiisha kushiba anajifunga, analala, na siku moja anatoka akiwa kipepeo mupya wa kutaga tena. Anayefahamu muzunguko huu amekwisha kufahamu nusu ya dawa.

1. Kiwavi wa kula na kiwavi wa kuua

Huku kwetu kiwavi si adui kwa jina lake tu. Tembea katika soko lolote la Lubumbashi wakati wa musimu, utakuta wamama wameweka mabakuli ya viwavi vya kukausha. Kuna tunkubiu, ambao wenye elimu wanaita Elaphrodes lactea, wanaokula majani ya muti ule Wabemba wanaita mutondo. Kuna mumpa. Kuna na wengine wengi wa pori la miombo. Muprofesa François Malaisse, aliyefanya kazi miaka mingi hapa Lubumbashi, aliandika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka wa 1997 juu ya vyakula vya pori hilo, na viwavi wamepewa humo nafasi yao.

Ili kula viwavi bila kuumia, inafaa kuwajua. Mutoto alifundishwa mapema: huyu ana manyoya ya kuwasha, muache, huyu yuko juu ya muti fulani, chukua, yule bado mudogo, ngoja. Kwa ndugu zetu Wabisa wa Zambia, wakubwa wa inchi walikuwa wanakataza kuokota viwavi mbele ya siku iliyotajwa, ili wakomae na mbegu isipotee. Ni sheria, ni subira, na ni jicho.

Jicho hilohilo ndilo lililoingia katika bustani. Mutoto aliyeweza kutambua tunkubiu juu ya jani la muti hakushindwa kumuona kiwavi wa kijani juu ya jani la kijani. Bibi yangu, aliyezaliwa kijijini upande wa Sakania, alikuwa anasema: yule wa pori ni mugeni wa chakula, yule wa bustani ni mwizi. Yule wa bustani hatukumula kamwe. Tulimutupia kuku.

2. Bustani ya zamani na nguvu yake

Watu wa sehemu hii, Walamba, Wabemba, Wasanga na wengine, walilima kwa kubadilisha mahali. Namna moja iliyojulikana sana inaitwa citemene: wanakata matawi ya miti, wanayakusanya pamoja, wanayaacha yakauke, na karibu na mvua wanachoma. Mwanamuke Mwingereza Audrey Richards aliieleza kwa urefu kati ya Wabemba katika kitabu chake cha mwaka wa 1939. Watawala wengi wa kikoloni waliona pale paka uharibifu wa pori. Lakini tutazame ule moto ulifanya kazi ngapi. Majivu yalilisha udongo. Mbegu za majani mabaya zilikufa. Na vidudu vilivyolala juu-juu ya udongo viliungua pamoja nazo.

Kiisha moto, mama hakupanda kitu kimoja. Alichanganya ulezi, maboga, maharagi, matango, lenga-lenga iliyojiotea yenyewe. Kipepeo anatafuta mumea wake kwa harufu na kwa macho. Katika muchanganyiko anahangaika. Tena katika muchanganyiko kuna buibui, kuna nyigu, kuna ndege, na hao wote wanakula viwavi bila kudai mushahara. Kiisha miaka michache shamba linaachwa, watu wanafungua lingine, na mududu aliyezoea pale anabaki na njaa yake.

Tusiongeze chumvi. Miaka mingine nzige walishuka, au jeshi la viwavi wa mahindi lilipita, na hakuna majivu yaliyoweza kusimamisha jambo hilo. Watu walikula mizizi ya pori. Bustani ya zamani ilikuwa na nguvu juu ya ufa, si juu ya muto uliofurika. Lakini kwa mwizi wa kila siku, yule anayetoboa jani moja-moja, mama alikuwa na silaha tatu: vidole, majivu, na jani la buba.

Juu ya buba inafaa maelezo. Ni kichaka chenye maua meupe au ya rangi ya zambarau, jina lake la elimu ni Tephrosia vogelii, na katika kamusi ya Kiswahili utalikuta kwa jina la utupa. Wazee walilitumia kwanza kwa samaki: wakati wa kiangazi, maji yakibaki madimbwi, kijiji kizima kinatwanga majani ya buba, kinatupa ndani, samaki wanalewa na kupanda juu. Watu wanawala samaki wale bila kuumia. Basi mama aliyeona jani linaloshinda samaki alijiuliza kama halitashinda na kiwavi. Linamushinda. Leo wenye elimu wanajua sababu: majani yale yana sumu za ukoo wa roteno, zinazozuia mwili wa mududu na wa samaki kutumia pumzi.

3. Shu ilifika, na mwizi wake pamoja nayo

Mwaka wa 1910 reli kutoka kusini ilifika, na muji wa Élisabethville ukaanza. Wazungu walitaka saladi na shu kwenye meza zao. Wasalesiano walifika mwaka wa 1911, na kadiri miaka ilivyopita misioni na wakulima Wazungu walifungua bustani kubwa kandokando ya muji. Wafanyakazi wa migodi wao walipewa posho, na unga wa mahindi ulitoka mara nyingi ngambo ya mupaka, Rhodesia ya Kaskazini. Kiisha, kuelekea mwaka wa 1928, Union Minière ilibadilisha siasa yake: badala ya kuleta wanaume peke yao na kuwarudisha kila mara, ilitaka wakae na wake zao na watoto. Ndipo wamama wengi waliingia katika kambi za migodi, na kila mwanamuke alitafuta kipande cha udongo.

Walipanda lenga-lenga, matembele, kibwabwa. Lakini muji uliwafundisha na ladha mupya: shu, tomati, na baadaye shu ya Shine, ambayo leo ni malkia wa mabonde ya Lubumbashi. Hapa ndipo shida ilianza. Kiwavi mubaya kupita wote wa shu, yule mudogo wa kijani anayejitupa chini kwa uzi ukigusa jani, anaitwa Plutella xylostella. Yeye anakula paka jamaa ya shu: shu yenyewe, shu ya Shine, radi, haradali. Ukali wa majani hayo, unaofukuza vidudu vingine vingi, yeye unamuita. Popote duniani shu imepandwa, amefuata. Lenga-lenga ya bibi haikumujua.

Tena katika muji hakuna kuhama. Lupango ni moja, mwaka kwa mwaka. Hakuna kuchoma matawi, hakuna kuacha udongo upumzike. Mama alibaki na zile silaha tatu, lakini adui alikuwa mupya na uwanja ulikuwa wake.

Serikali ya kikoloni ilileta nini? Tangu sheria ya mwaka wa 1917, na zaidi tangu dekreti ya mwaka wa 1933 iliyopanga siku 60 kwa mwaka, mwanakijiji alilazimishwa kulima mimea iliyoagizwa. Agronomu alikuja na kitabu, na nyuma yake polisi. Mashauri mengine yalikuwa mazuri, sawa vile kungoa na kuchoma mashina ya pamba kiisha mavuno ili mududu asipate mahali pa kulala. Lakini yalikuja kama amri. Hakuna aliyemuuliza mama anajua nini. Jambo lililofundishwa kwa fimbo, fimbo ikiondoka, nalo linaondoka.

4. Unga mweupe

Mwaka wa 1939 Muswisi Paul Müller aligundua kwamba DDT inaua vidudu, na mwaka wa 1948 alipewa zawadi ya Nobel. Mwaka uleule wa 1948, ndege zilimwaga DDT juu ya Léopoldville ili kuua inzi wadogo weusi wa muto Kongo, wale wanaoleta upofu. Dawa hiyo iliokoa watu, tusikatae. Katika vita ilizuia homa ya chawa, na kisha malaria katika inchi nyingi.

Lakini kutoka kwa chawa na mbu, unga ulipita kwa mboga. Ni nani angekataa? Unanyunyiza leo, kesho asubuhi viwavi wote wako chini. Ilionekana sawa vile kazi ya bibi, ile ya kuinama kila asubuhi, ilikuwa ujinga.

Kumbe kiwavi wa shu alikuwa anasoma. Mwaka wa 1953, kule Java katika Indonesia, iliandikwa kwamba Plutella hafi tena na DDT. Alikuwa mududu wa kwanza wa mazao kujulikana hivyo katika shamba. Sababu yake mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuifahamu: katika viwavi elfu, wachache wanazaliwa na nguvu ya kuvumilia sumu. Sumu inaua wengine, wale wanabaki, wanazaa, na watoto wao wanarisi nguvu ile. Na kwa joto letu, kutoka yai mupaka kipepeo ni karibu wiki tatu tu, basi kwa mwaka mumoja vizazi ni vingi. Tena sumu inaua buibui na nyigu, walinzi wasiolipwa. Kiwavi anarudi, mulinzi harudi. Unanyunyiza mara ya pili, ya tatu, unabadilisha jina la chupa, unaongeza kipimo.

Mwaka wa 1962 Mumarekani Rachel Carson alitoa kitabu kilichoamusha watu juu ya sumu hizi. Mwaka wa 1972 inchi yake ilikataza DDT katika kilimo. Mwaka wa 2001, kwa Mapatano ya Stockholm, mataifa yalipatana kuziondoa sumu zisizokwisha haraka, na DDT ikaachwa kwa vita na mbu peke yake. Mwaka wa 2011 waliongeza endosulfani, dawa iliyotumiwa sana kwa pamba na kwa mboga katika Afrika.

Kwangu mimi hasara kubwa haikuwa tu sumu. Mama aliyenunua chupa hakuamuka tena asubuhi kutazama chini ya jani. Binti yake hakumuona akitazama. Jicho lililofundishwa katika pori la tunkubiu liliachishwa kazi. Elimu ya mikono haihitaji kukatazwa ili ife. Inatosha kizazi kimoja kisiione.

5. Miaka ya mabonde, na shu niliyouza

Wengi wetu tunakumbuka. Mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka ndani. Mwaka wa 1991 kulikuwa uporaji katika miji. Shaba iliporomoka, mishahara ikawa hadisi. Watu wa Lubumbashi waliteremuka katika mabonde na kandokando ya mito kulima: walimu, makarani, mafundi wa umeme, wajane. Mwaka wa 2000 FAO ilianzisha mupango wa kusaidia bustani za muji katika miji mitano: Kinshasa, Lubumbashi, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Ni kusema, mboga za muji zilikuwa zimekuwa jambo la taifa.

Baba yangu alitoka kazini mwaka wa 2003, sawa vile maelfu ya wenzake wa migodi, na bahasha ambayo haikuenda mbali. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ISP. Matuta kumi na manne ya shu ya Shine ndiyo yaliyolipa masomo yangu, na ninayaeleza hapa juu yanahusu somo letu.

Mwaka ule viwavi walikuja kwa wingi. Kijana mumoja sokoni aliniuzia kichupa bila karatasi, dawa ya rangi ya maziwa, harufu kali. "Kifuniko kimoja kwa ndoo," alisema. Nilitia vifuniko viwili. Nilinyunyiza siku ya ine jioni. Siku ya posho, mbele jua halijachomoza, nilikuwa ninakata shu kwa ajili ya soko: zilikuwa nzuri, nzima, bila tundu hata moja. Mama alifika na beseni yake. Alitazama, akanusa, akaniuliza:

— Mwana, we mwenyewe utaikula hii shu?

— Hapana, mama. Hii iko ya kuuzisha. Ya kula niliacha kule ku mwisho.

— Njo kusema batoto ba benzako habana tumbo?

Sikuwa na jibu. Lakini nitasema kweli mbele yenu: shu zile nilizikata, zikaenda sokoni, na feza nililipia mitihani. Hakuna aliyekuja kulalamika. Sijui waliokula walikuwa nani. Ndiyo sababu jambo hili halinitoki.

Wiki ile mama alichukua tuta moja mukononi mwake, akaniambia nisiliguse. Kazi niliyoiona pale ndiyo ninayoandika sasa.

6. Kazi ya mama, hatua kwa hatua

Vidole kwanza. Aliingia bustanini asubuhi mapema, wakati umande ungali juu ya majani na viwavi bado wazito. Hakuanzia juu ya jani, aliligeuza. Mayai aliyaponda kwa kidole gumba. Viwavi aliwatia katika kopo lenye maji na sabuni, au aliwapelekea kuku. Moyo wa shu, kule majani machanga yanapofunga, aliufungua polepole, juu ndimo mwizi anajificha. Mara tatu kwa wiki, bila kuruka. Kwa matuta ya nyumbani kazi hii haimalizi nusu saa, na watoto wanaweza kuifanya mbele ya masomo.

Kiisha majivu. Majivu ya kuni safi, si ya takataka zenye plastiki. Yapoe kabisa, yachekechwe, yanyunyizwe kwa mukono wakati wa umande ili yashike. Kiwavi mwenye ngozi laini hapendi unga ule mukavu, na jani linakuwa gumu kwake kuanza kula. Mvua ikinyesha, kazi inarudi mwanzo. Tena si mengi: majivu yana ukali wa chumvi-chumvi, yanaweza kuunguza miche michanga na, mwaka kwa mwaka, kubadilisha udongo.

Tatu, buba. Aliitumia paka vidole na majivu vikishindwa. Majani mabichi yaliyotwangwa vizuri katika kinu cha zamani kisichotwangiwa tena chakula, yalilala usiku mumoja katika maji. Kesho yake aliyachuja na kitambaa, akatia sabuni kidogo ili maji yashike kwenye jani, na jioni, jua likiwa limelegea, alinyunyiza kwa kifagio, zaidi upande wa chini. Jua linaharibu nguvu za buba kwa siku chache. Ndiyo sababu ya kungoja jioni. Lakini yeye hakukata shu mbele ya wiki nzima kupita, na alizisafisha kwa maji mengi.

Jambo moja lilinishangaza. Mama alikataa mbegu za buba za jirani fulani: "Ile haina nguvu." Nilidhani ni maneno ya wamama na ugomvi wao. Kumbe mwaka wa 2012 watafiti waliochunguza mimea ya Malawi walitoa habari kwamba Tephrosia vogelii iko ya namna mbili, zinazofanana kwa macho: moja ina roteno, nyingine haina, na hiyo ya pili haiui vidudu. Wazee waliopima buba kwa samaki walitunza mbegu ya ile yenye nguvu. Kuacha kutumia ni kuacha na kupima, na mwisho unabaki na kichaka chenye jina la dawa bila dawa.

Ine, usafi wa tuta. Shu ikikwisha kukatwa, shina halibaki kusimama, maana pale ndipo vipepeo wanaendelea kuzaa. Linangolewa, linapewa wanyama au kuzikwa katika mbolea. Na mahali pa shu palifuata lenga-lenga au maharagi, si shu tena. Katikati ya matuta alipanda kitunguu. Hicho peke yake hakitoshi, lakini bustani yenye harufu nyingi inamuchosha kipepeo.

Tuta lile halikutoka bila tundu. Lilikuwa na majani yaliyotobolewa, na mama aliyauza kwa bei ya chini kidogo. Alisema kwa wateja: "Mududu alionja, hakufa." Baada ya muda kuna wanunuzi waliokuja kutafuta shu yenye tundu.

7. Tusidanganyane

Wasomaji, si kila kitu cha asili ni cha upole. Buba inaua samaki: anayeosha ndoo yake katika muto Lubumbashi au katika mufereji unaokwenda kwenye madimbwi ya samaki anatenda kosa lilelile la chupa. Tumbako nayo ni sumu kali. Ulaya walinyunyiza maji ya tumbako juu ya miti ya matunda tangu karne ya 17. Lakini nikotini inapita katika ngozi ya mutu, na tumbako inaweza kuleta ugonjwa wa majani kwa tomati. Mimi siitumie kwa mboga za kula. Pilipili na sabuni zinasaidia kwa vidudu vidogo vilaini, kidogo kwa kiwavi mukubwa. Muti wa nimu ni mugeni muzuri: mwaka wa 1959 katika Sudani, Mudachi Heinrich Schmutterer aliona nzige wamekula kila kitu isipokuwa nimu, na toka pale elimu yake ilikua. Maji ya mbegu zake hayaui mara moja. Yanamuondolea kiwavi hamu ya kula na kumuzuia kukua. Anayetaka kuona maiti kesho asubuhi atasema haifanyi kazi.

Na ndugu zetu wa Kivu wana historia yao ya uchungu. Katika milima yao lilipandwa ua la piretri, ambalo unga wake unaua vidudu na kuharibika upesi kwa jua. Wakati wa ukoloni mukulima wa Kivu alilima dawa hiyo, nayo ikasafirishwa ngambo. Tulipeleka kwao dawa ya upole, tukarudishiwa ile kali.

Jambo la mwisho la kutodanganyana: mutu mumoja hashindi. Kiwavi hajui mupaka wa lupango. Kama mabonde yote yanapanda shu mwezi kwa mwezi, na jirani anaacha mashina, vidole vyako vitachoka. Kijiji cha citemene kilihama pamoja. Wabisa waliokota viwavi kwa siku moja iliyotangazwa. Nguvu ya wazee ilikuwa katika kupatana, na hiyo haiuzwi katika chupa.

Kwa kumaliza

Mwaka wa 2016 ilitangazwa kwamba kiwavi mupya wa mahindi, Spodoptera frugiperda, ametoka Amerika na kuingia Afrika. Kwa muda mufupi alikuwa amefika na katika mashamba yetu. Dawa zilikuwa ghali, na wakulima wengi wa Afrika walirudia nini? Kumuponda kwa vidole, na kuweka majivu au udongo katika moyo wa muhindi. Wataalamu wenyewe waliandika mashauri hayo. Nilipoyasoma niliwaza bibi wa Sakania.

Kwenye sekondari ninapofundisha, kila mwaka ninawapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kazi moja ya historia. Siwaulizi tarehe. Ninawaambia: nenda kwa mama mukubwa kuliko wote katika lupango yenu, umuombe akuonyeshe, si kueleza, namna anavyotafuta kiwavi. Uandike aliposhika jani, saa ngapi, na aliita mududu yule jina gani kwa luga yake. Wengine wanarudi na karatasi nyeupe: bibi amekwisha kufa, na mama hajui. Karatasi hizo nyeupe nazo ninazitunza pamoja na zingine, juu nazo ni habari.

Mama yangu angali hai. Magoti yanamusumbua, hainami tena. Asubuhi anakaa kwenye kiti kandokando ya matuta na kuwaonyesha wajukuu kwa fimbo: pale, geuza, apana, ile ingine. Nawaomba ninyi wenye kusoma, kama mungali na mutu kama huyo nyumbani, mukae karibu naye wiki hii, na kalamu mukononi.